Hotuba ya Elimu ya Fununu, Iliyotolewa Barazani Kibiti

Waheshimiwa wazee, mabwana na mabibi, mimi niliyejitunuku, bila ya kukitaabisha chuo chochote, daraja ya Allama wa Fununu za Rufiji, nimeitikia wito, nilioutoa mwenyewe, wa kuwafunza namna fasaha ya kusema jambo usilolijua.

Shina la elimu hii ni "inasemekana", kwani lina tendo na halina mtendaji, hata kadhi akitaka kuhukumu, hana wa kumwita. Linalofuata ni "nasikia", lisilodai ila sikio. Na chini kabisa ni "eti", ambalo humwezesha msemaji kulieneza jambo huku akilicheka. Ama yule asemaye "nimeona kwa macho yangu", msimkaribishe kahawani, huyo huharibu mazungumzo.

Isnadi nayo ina adabu zake. Juzi gatini Nyamisati, boti ya Mafia ikingoja maji yajae, muuza kambamiti alinong'ona kwamba bei itapanda, habari aliyoipata kwa mkwewe, naye kwa utingo wa lori, naye kwa mtu mmoja wa Bungu "asiyesema uongo". Ilipofika Kibiti, kambamiti walikuwa wameadimika delta nzima. Ilipofika Ikwiriri, bahari ilikuwa imekauka. Na tazameni: shahidi anayeaminiwa kuliko wote ndiye asiye na jina.

Kuna wajinga wasemao kuwa hii ni kazi ya wavivu. Je, hawajui kwamba habari za maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilienea kwa minong'ono, Wamatumbi wakiiita njwiywila, hata vita vya Majimaji vikazuka mwaka 1905? Na manowari ya Kijerumani Königsberg, ilipoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914 na kujificha katika mikoko yetu, Waingereza hawakuigundua mpaka tarehe 30 Oktoba. Nami nasema, bila ya ushahidi wowote, jambo lisilo aibu katika taaluma yangu, kwamba wavuvi wa Salale walijua tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyewauliza kwa adabu.

Basi mwenye fununu mpya na aniletee kila jioni baada ya Alasiri, bila ya jina la aliyeisema. Ada ya masomo ni kahawa na kashata, nayo hulipwa kabla.