Bi. Bennet katika Vipande Elfu Moja

Fumbo la picha ni picha nzima iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu, ikakatwakatwa kwa mashine, ikatiwa ndani ya boksi na kuuziwa mtu mzima mwenye akili timamu ili airudishe ilivyokuwa. Chanzo chake hutajwa kuwa London, katika miaka ya 1760, ambako mchora ramani John Spilsbury alibandika ramani juu ya mbao na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wapate kujifunza jiografia. Jane Austen aliyajua mafumbo hayo: katika riwaya yake Mansfield Park, ya mwaka 1814, binti maskini anachekwa na binamu zake kwa kushindwa kuiunganisha ramani ya Ulaya. Siku hizi anayekatwakatwa ni Austen mwenyewe, hasa kwa riwaya yake Pride and Prejudice ya mwaka 1813.

Hadithi haimpi taabu mtu wa Tanga wala Lamu. Mama, Bi. Bennet, ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume, nyumba itarithiwa na jamaa wa mumewe, Bw. Bennet, na kijana tajiri asiye na mke amehamia jirani. Hata Darcy, rafiki wa kijana huyo, mwenye pato la pauni 10,000 kwa mwaka, anapokataliwa posa yake ya kwanza na mmoja wa mabinti hao, msomaji wa Pwani hashangai: alikwenda mwenyewe, bila mshenga, akazitaja kasoro za wakwe.

Taabu iko mezani. Boksi huandikwa vipande 1,000, lakini aghalabu huwa safu 27 za vipande 38, yaani 1,026, na hakuna anayelalamika. Kazi iliyozidi huhesabiwa kuwa baraka. Kwanza vipande vyote hulazwa uso juu. Kisha hutafutwa vyenye ubavu ulionyooka, ipatikane fremu. Nyuso na magauni hufuata bila shida kubwa. Inabaki mbingu. Mbingu ya Derbyshire, ambako riwaya imeliweka jumba la Darcy, huchorwa kwa rangi moja iliyopauka kutoka pembe hadi pembe, na vipande vyake havitofautiani ila kwa mkato. Kila kimoja hujaribiwa, hugeuzwa, hujaribiwa tena, hurudishwa kwenye rundo. Wenyeji wa Uingereza huiita shughuli hii mapumziko. Mgeni wa Pwani ambaye nyumbani alikuwa akikimbia kuchambua mchele, hapa huchambua mbingu kwa hiari yake hadi shingo ikakakamaa.

Sheria kuu ni kunyamaza. Baadhi ya maktaba za Uingereza huacha fumbo wazi juu ya meza ili kila apitaye aongeze kipande. Mtu akikilazimisha mahali pasipo pake, hakuna anayemwambia. Wenzake huzungumzia mvua, husubiri aage, kisha hukitoa. Bao la barazani lina wachezaji wawili na washauri kumi, na aliyelelewa na washauri hao ni mtu wa hatari katika meza hii: hunyoosha kidole, hupaza sauti, hugutuka kimya kimetanda, huomba radhi, na wote humwomba radhi yeye. Hata hivyo kesho yake hurudi. Desemba, jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, saa ambayo muuza kahawa wa nyumbani hata hajaanza kugonganisha vikombe, na jioni iliyobaki ni ndefu mno kwa mtu mmoja.

Karibu na mwisho hutokea wizi mdogo: mtu huficha kipande mfukoni ili awe yeye wa kulikamilisha fumbo. Likikamilika hutazamwa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha huvunjwa na kurudishwa ndani ya boksi. Wapo wanaolibandika kwa gundi na kulitundika ukutani, lakini wazoefu huwadharau. Boksi huishia duka la mitumba, likauzwa kwa bei ya kutupa pamoja na kikaratasi kinachoonya kwamba vipande havikuhesabiwa. Mnunuzi huja kugundua kwamba Bi. Bennet hana mdomo. Bw. Bennet angelinunua boksi hilo kwa bei kamili.