Sangara Aliyegeuka Furu

"Karatasi ni karatasi, Mjomba." Mpwa wangu aliyasema hayo akiwa na wembe mkononi, keshaninyoa mkono hadi kiwiko. Ningekuwa na akili ningeinuka palepale.

Ana kibanda cha tatuu Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa unapewa bure. Nilitaka sangara, mkubwa, mdomo wazi. Sitamsingizia kijana: sindano alifungua mpya mbele yangu, na samaki kwenye karatasi alimchora hata ukatamani kumpaka ndimu. Balaa likaanza kwenye kumhamishia mwilini. Akanyofoa kaboni ya kitabu cha risiti, ile ya bluu.

Kaboni ile ni nta na rangi. Ukiikandamiza kwa kalamu inaacha alama kwenye karatasi ya chini, basi. Ngozi yenye jasho wapi na wapi! Karatasi ya tatuu ina tabaka zake: nyeupe ya kuchorea juu, halafu kikaratasi laini cha kukinga (usipokitoa utachora mpaka magharibi na hupati kitu), halafu yenye rangi ya zambarau, na ya njano ya kuegemeza. Rangi hiyo inalainika ikikutana na jeli au diodoranti uliyopaka kwenye ngozi. Unabandika, unabandua, unaiacha ikauke kabisa ndipo ushike sindano. Zipo za kupitisha kwenye mashine ya joto pia, ila kwa kibanda ambacho umeme unakuja kusalimia tu, ya kuchora kwa mkono inatosha. Na zambarau yenyewe ni ya ukoo wa GV. Aliyewahi kupakwa GV kidonda utotoni akaenda nayo shule wiki nzima haulizi kwa nini wameichagua.

Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile ilikuwa saa nane mchana, upepo wa ziwa umegoma, jasho linanitiririka. Kijana akichora kidogo anafuta wino kwa tishu. Alipofuta mara ya kwanza, mkia ukaondoka. Mara ya pili, mapezi.

"Mbona picha inaisha?"

"Tulia, Mjomba. Nimeshaikariri."

Alikariri kichwa. Mwili akaukatisha pale kumbukumbu ilipokomea, inchi mbili hivi. Nikatoka nje nimekunja uso, mama mmoja muuza samaki akaushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku kama anayekagua macho ya sato.

"Baba, huyu furu mbona ana hasira hivi?"

Sangara aliletwa ziwani humu miaka ya 1950, akawafyeka furu bila huruma. Wamesubiri muda wote huo, kisasi wakaja kulipizia mkononi kwangu.

Jana mpwa kapiga simu, ana furaha tele. Karatasi zenyewe zimefika na basi kutoka Dar, boksi zima. Anauliza ule mkono mwingine nautumia kwa kazi gani.