Heko kwa Anayefuta Faili la Leseni

Namsifu bila haya fundi wa programu anayechukua maktaba huria ya msimbo, akaibadili, akafuta faili la leseni, akaikompaili, kisha akawakabidhi wenye kazi kitu kilichofungwa kisichosomeka na mtu.

Wapo wakorofi watakaomkumbusha leseni ya LGPL, toleo la 2.1, la Februari 1999. Madai yake yanapita adabu: kila faili ulilolibadili liandikwe kwamba umelibadili, na tarehe; ukimpa mtu programu iliyokompailiwa, umpe na msimbo wa maktaba jinsi ulivyoubadili, au ahadi ya maandishi ya angalau miaka 3, tena umwachie njia ya kuiunganisha programu yako na maktaba aliyoirekebisha mwenyewe. Mwenyewe! Mwaka huohuo Bunge letu la Tanzania likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na programu za kompyuta zimo. Fundi wetu hakuyumba.

Kwa habari ya tarehe, anao wazee wa kumtetea. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, mwaka hawakuutia. Tazameni baraka yake: sarafu chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanaendelea kula kwa kubishana zilifika lini na kwa chombo gani. Tarehe ingemlisha nani?

Tuseme kuna programu ya mizani, ndani ya simu za ofisi, kwenye mnada wa pweza kisiwani Songosongo. Fundi kagusa mstari mmoja tu wa maktaba, ule wa desimali, na sasa pweza wa kilo 1.95 anasomeka kilo 1. Mvuvi kaepushwa na usumbufu wa nukta. Karani kaepushwa na lawama, maana hata akitaka kurekebisha, msimbo hana. Fundi naye hulipiwa basi hadi Kilwa Masoko na boti hadi kisiwani kila simu za ofisi zinapobadilishwa na programu kudai kurekebishwa. Leseni ingefuatwa, kijana yeyote wa Lindi mjini angeurekebisha mstari ule jioni moja, na ajira hii nzuri ingekufa.

Wala tusijifanye watakatifu. Kila mwenye kompyuta analo mahali faili la mwenzake lililofutwa jina la juu, na anajijua.

Basi fundi akishuka tena gatini, apokewe kwa vigelegele. Apewe pweza wa kilo 1.95, na apimiwe kwa mizani ileile.