Mamba Alikula Kwanza

Watu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hatuendi ziwani, tunahamia. Anayetuona tukishuka kwenye basi dogo na mikeka, birika, ndoo ya barafu na mtoto aliyefungwa kwa kitenge hudhani mafuriko yamerudi, na hana kosa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likawatoa watu majumbani mwao, na viboko wakajipa ruhusa ya kukaribia nyumba za watu. Sisi lakini hatufukuzwi na maji, tunafukuzwa na sikukuu. Ikifika Idi, watoto wa Bujumbura wanataka ufukwe. Watu wazima wanataka kujua mawili tu: tutakula nini, na nani atalipa.

Idi ya kuchinja ya mwaka 2023 jibu la swali la pili lilipatikana mapema. Mjomba alitangaza kwamba safari ni yake. Katika mji wetu aliyealika ndiye mlipaji, kwa hiyo tangazo lile lilipokelewa kwa takbira. Jamaa ambao hatukuwaona tangu msiba wa mwisho walianza kupita "kusalimia tu", watoto wao wakiwa tayari wamevaa kaptula za kuogelea. Shemeji alipita na wanne, mmoja wao wa jirani.

Shangazi, mweka hazina wa ukoo kwa kujiteua, alichukua kalenda ya mwaka uliopita akaandika bajeti nyuma yake: nauli, kiingilio, brosheti, ndizi za kukaanga, Fanta. Akaandika na neno "dharura", akalitazama, akalikata kwa mstari.

"Dharura haialikwi," alisema. "Ukiiwekea sahani, inakuja."

Ilikuwa imeshafika. Akiba ya Mjomba ililala kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, noti za 10,000 zimepangwa safi. Juni 7 Benki ya Jamhuri ya Burundi ikatangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, na wenye nazo wana siku 10 za kuzipeleka benki. Nchi nzima ikapanga foleni. Mjomba alipanga alfajiri akiwa na kopo lake kwapani, akatoka jioni na kopo tupu. Pesa sasa zilikuwa salama kabisa, hata yeye mwenyewe hakuweza kuzifikia bila foleni nyingine. Mpwa mmoja anayejua mambo ya simu akamsaidia kuzihamishia kwenye simu. Shangazi hakupendezwa.

"Pesa isiyokunjika," alisema, "haina adabu."

Mtu atauliza: nyama ya Idi ipo nyumbani, kwa nini msibebe chakula chenu? Kwa sababu chakula cha nje hakiingii. Sehemu za ufukweni haziuzi mchanga wala upepo, vyote hivyo ni vya Mungu. Zinauza bia na kilichochomwa. Tangu kiwanda cha bia cha Brarudi kianzishwe mwaka 1955, chupa kubwa ya Primus yake ndiyo inayomlipa anayefagia ufukwe, anayewasha mkaa na anayepiga muziki. Meza ya Waislamu kutoka Buyenzi, Fanta moja mirija minne, ni hasara inayotembea. Mhudumu akituona tunaingia hunyanyua macho juu, na haombi dua.

Na tusidhani wakubwa wa dunia wamelipatia jawabu jambo hili la kulisha umati. Mwaka huo huo wa 1955, Julai 17, Walt Disney alifungua bustani yake ya michezo ya Disneyland kule California. Wengi walijipenyeza na tiketi za bandia, na chakula kikaisha. Mafundi bomba nao walikuwa wamegoma, ikabidi Disney achague: vyoo vifanye kazi, au mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo. Nilipomsimulia Shangazi, alimuunga mkono kwa moyo wote. "Kiu huvumilika," alisema. Kisha akataka kujua kama Disney aliweka mstari wa dharura.

Sisi hatuna Disneyland, tuna Musée Vivant, bustani ya wanyama iliyopo tangu mwaka 1977, hatua chache kutoka katikati ya mji ukielekea ziwani. Kuna nyoka, kuna sokwe, na kuna mamba, ambao kwa mtoto wa Bujumbura ni watu wa ukoo wenye sifa mbaya. Yule mashuhuri kupita wote, Gustave wa mto Rusizi, alijijengea jina duniani kwa kula bila kuuliza bei. Hawa wa bustanini ni waungwana: wanakula kwa gharama ya mgeni. Ukitoa faranga zako unanunuliwa simbilisi, kile kinyama cha manyoya kisicho na mkia, na anapewa mamba mbele yako.

Siku ile ya Idi tulianzia hapo, na watoto walipiga kura. Wasichana wawili walimtetea simbilisi, wakashindwa. Mjomba akalipa, mlinzi akamtupa simbilisi, taya zikafunguka na kufungwa. Mamba yule hakuuliza kama kuna pilipili. Hakuambiwa mkaa haujashika. Alihudumiwa papo hapo, akafumba macho.

"Na huyu yumo kwenye bajeti?" aliuliza Shangazi.

Hakuna aliyejibu. Akatoa kalenda, akaandika: mgeni mmoja.

Ufukweni tulifika saa sita, na mlinzi wa getini alikagua mifuko kwa makini. Alipomfikia Shangazi akainamia kitenge. "Mama, kamelala?" "Kamelala, mwanangu. Usikaamshe." Tukapita.

Mjomba akaagiza kwa sauti ya mwenye safari: brosheti za mbuzi, ndizi, na mukeke kwa wakubwa. Mukeke hakuna, akasema mhudumu. Mjomba akang'aka: ziwa hili hapa, samaki hakuna? Kijana wa kuchoma akamfafanulia kwa upole wa mtu aliyelirudia somo hilo mara nyingi. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri. Mwanga huwavuta ndagala, wale samaki wadogo, na mukeke huwafuata ndagala kwa sababu ndio mlo wake. Mwezi ukiwa mkubwa, maji yote yanang'aa na taa haina kazi. Idi ya kuchinja huangukia siku ya kumi ya mwezi wa Kiislamu, mwezi ukikaribia kujaa. Idi ya Ramadhani huja na mwezi mwandamo, usiku ukiwa giza tupu. Anayetaka mukeke kwa bei ya kibinadamu, basi, afunge kwanza siku thelathini.

Ikabaki mbuzi, na mbuzi ana mambo yake. Shangazi alikwenda hadi kwenye jiko kuuliza nani amechinja. Kijana akasema yeye mwenyewe ni mtoto wa Buyenzi. Mtaa gani? Nyumba ya nani? Msikiti upi? Nani alikufundisha Kurani? Ilipothibitika kwamba bibi yake na Shangazi waliwahi kugombania ndoo kisimani, mbuzi akahalalika. Nusu saa imekwenda, na brosheti hata moja haijawekwa motoni.

Maji ya Tanganyika yana tabia ya kutafuna tumbo. Mtoto aliyekula vizuri asubuhi akichezea mawimbi kidogo tu anatoka anatetemeka, anatazama jani la mwembe kama chakula. Mhudumu kila akiulizwa alisema "dakika kumi", na hakusema uongo, maana hakusema zinaanza lini. Saa nane ikapita. Mtoto wa jirani wa Shemeji akaanza kulia, wenzake wakamuunga mkono kwa sauti tofauti.

Hapo Shangazi akafungua kitenge. Mtoto aliyelala tangu asubuhi alikuwa sufuria la pilau, limefunikwa, lingali moto, nyama ya Idi imelala juu yake. Hakuna aliyeuliza kitu. Mikono ilishuka, kukawa kimya. Mhudumu alikuja mbio na uso wa sheria, akakuta sahani yake imeshapakuliwa. Akatazama nyuma, bosi hayupo, akachutama.

Tuliposhiba kabisa, brosheti zote zikaja kwa pamoja, pamoja na karatasi ya hesabu.

Mjomba akatoa simu kwa madaha. Akabonyeza namba, mtandao ukasema usubiri. Akabonyeza tena, ukasema ameshasubiri mno. Akapanda juu ya kiti, akaenda mpaka getini, akarudi, akasimama majini hadi magotini akiinua simu angani, na watoto wakadhani ni mchezo wakamfuata. Pesa ilikuwepo, inaonekana, ila haishuki. Waliopita kusalimia wakakumbuka ghafla kwamba magari ya jioni ni ya shida, mafuta hakuna mjini. Shemeji alikagua mifuko yake yote, hata ya kaptula ya mtoto wa jirani.

Shangazi alimwacha Mjomba aloe vya kutosha. Kisha akafungua pindo la kanga, fundo la kwanza, la pili, la tatu, akahesabu noti mpya kabisa juu ya meza. Kumbe mstari ule wa dharura ulikatwa kwenye kalenda tu.

Jioni kamati ilikaa sebuleni kufanya tathmini, brosheti zikiwa zimerudi nasi kwenye mfuko wa nailoni, zimepoa. Maazimio yalikuwa matatu. Mosi, kuanzia sasa tunakula nyumbani kwanza, tunashiba, ndipo tunatoka. Pili, ziwani tunaagiza Fanta peke yake. Tatu, tukirudi tunakula tena nyumbani.

Mwanangu, ambaye kosa lake ni kusikiliza, akanyanyua mkono. "Sasa ziwani tunaenda kufanya nini?"

"Kutafuta njaa, mwanangu," alijibu Mjomba, akivuta brosheti. "Hapa nyumbani haipatikani."