Maakuli ya Liwali

Kobe wetu, ambaye ami yangu alimpa jina la Liwali kwa ajili ya mwendo wake wa taadhima na ile tabia yake ya kungoja kuhudumiwa, alikuwa akila kila kilicholiwa na waja wa nyumba ile: mahamri asubuhi, wali wa nazi adhuhuri, na usiku wa Maulidi akakirimiwa halua, ambayo kabla ya alfajiri aliitoa yote, kwa njia isiyotajika mbele ya watu wenye staha, juu ya mkeka mpya wa ukindu uliotandikiwa wageni.

Ndipo alipoitwa tabibu wa wanyama. Aliligonga gamba kwa ukucha, akatikisa kichwa, akasema kuwa chokaa imempungua mgonjwa. Kisha akatueleza kwamba tumbo la kobe limeumbwa kwa majani yenye nyuzinyuzi, yanayokaa humo siku kadha wa kadha yakichachushwa na vijidudu vyake, na kwamba sukari huwafitini vijidudu hao hata tumbo likaasi. Mchicha nao, ambao sote tuliudhani ni tiba, usiwe wa kila siku, kwani una asidi inayoishika chokaa isifike mifupani. Basi akaamuru ukoka uwe ndio wali wake, mpungate uliokwanguliwa miiba uwe kitoweo, matunda yawe kwa nadra, jua la asubuhi asinyimwe, na awekewe mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaotupwa na bahari ufukoni, autafune apendapo.

Shangazi yangu, ambaye kwake mgeni asiyeshiba ni aibu ya ukoo mzima, aliisikiliza hukumu hiyo kama hukumu ya kifungo. "Mwanangu," akaniambia, "hata mfungwa Ijumaa hupata mchuzi!" Tabibu akamkumbusha kwa adabu kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao wazee wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, nao wamekuwa na miili ya kubeba mtoto kwa kula majani. "Hao," akajibu shangazi, "hawajaonja halua."

Hoja hiyo, kwa insafu, ilikuwa na uzito, maana Liwali alikuwa ameonja. Ukoka aliutazama, akaukanyaga, akavuka upande wa pili, akajikunja ndani ya gamba lake kwa ghadhabu. Na kila nilipoinua majani yaliyonyauka nilikuta chini yake makombo ya mkate wa mofa, ambayo shangazi aliapa kuwa yameletwa na kunguru.

Saumu hiyo ya nusu nusu ikaendelea mpaka siku alipokuja jirani mmoja, bibi wa heshima zake, kutoka arusini, kucha za miguu zimekolea hina nyekundu. Kobe, kama ijulikanavyo, huvutiwa mno na rangi nyekundu, na ingawa hana jino hata moja, mdomo wake una makali ya kukata bua. Yowe lililotoka uani lilisikika msikitini.

Siku hizi Liwali anakula ukoka, gamba limekaza, na makombo ya kunguru yamepungua bila kukoma. Nawe msomaji, karibu kwetu wakati wowote, mikono mitupu pia twakupokea. Ila ukiwa umetia hina, tafadhali njoo na viatu vya kufunika vidole.