Maneno Tisa ya Sayansi Yanayoishi Unguja

Mtihani unauliza maana ya bamvua, mwanafunzi anakuna kichwa. Nje ya dirisha la darasa bahari imejaa hadi ukutani, inampigia kelele jibu. Orodha hii ni yake. Ni maneno tisa ya ardhi, anga na mazingira yanayotoka kwenye vitabu vya skuli, na kila moja lina makazi yake hapa kisiwani, mahali unapoweza kwenda kulitazama au kulikanyaga. Tunaanza na la tisa, tunashuka hadi la kwanza. Mpangilio ni wangu. Usipoupenda, baraza zipo, njoo tubishane.

9. Asteroidi: mtoto wa mjini asiye na viza

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, na Mercury ndiyo sayari tunayoiita Zebaki. Mwaka 2016, siku ambayo angetimiza miaka 70, asteroidi nambari 17473 ilipewa jina lake. Asteroidi ni mwamba unaolizunguka jua, mdogo kuliko sayari, na nyingi zinakaa kati ya Mirihi na Mshtarii. Basi mwenzetu anazunguka huko, hakuna anayemgongea muhuri. Usimchanganye na kimondo: hicho ni kipande kinachoingia kwenye angahewa ya dunia kikawaka. Kikinusurika hadi chini unapata kitu kama kile cha Mbozi, mkoani Songwe, pande la chuma la tani zaidi ya kumi. Hicho mwizi hakibebi.

8. Jua la utosini: siku ambayo kivuli kinakukimbia

Mara mbili kwa mwaka, kiasi cha tarehe 5 Machi na tena tarehe 8 Oktoba, jua husimama wima juu ya Unguja. Simikeni fimbo uwanjani, ikae wima kabisa, muone kivuli kinavyoisha. Lakini msiende saa sita kamili mkarudi mnanung'unika. Mwezi wa Machi jambo hili hutokea kiasi cha saa sita na nusu, hasa kwa sababu saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45, na sisi tuko nyuzi 39. Jua haliangalii saa ya ukutani ya mwalimu mkuu. Ndugu zetu waliohamia London hawalipati hata siku moja. Hii ni neema ya wanaoishi baina ya tropiki mbili. Wao wana theluji, sisi tuna utosi.

7. Sunami: hapa hatutanii

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra liliyasukuma maji, na mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi nzima hadi kwetu. Walikufa watu Somalia, Kenya na Tanzania. Kumbuka jambo moja tu: bahari ikirudi nyuma ghafla na si wakati wake wa kupwa, usiende kuokota samaki. Panda juu, mguu niponye.

6. Udongo: somo la nauli ya daladala

Upande wa magharibi wa kisiwa una udongo mwekundu wenye kina, ule wakulima wanaouita kinongo, na huko ndiko mikarafuu na miembe inakonawiri. Elekea mashariki au kusini na mwamba unaanza kuchungulia. Hapo umefika uwanda, mahali mkulima anapopanda muhogo kwenye mifuko ya udongo iliyojificha baina ya mawe. Kaa upande wa dirisha.

5. Kimbunga: mgeni asiyebisha hodi

Ili upepo ujizungushe ukawa kimbunga, unahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, uitwao nguvu ya Koriolisi. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni dhaifu mno, na Unguja iko nyuzi 6 tu kusini yake. Ndiyo maana wazee wengi wa hapa wanaishi na kuondoka duniani bila ya kukutana na kimbunga.

Lakini dhaifu si sawa na hakuna. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini na kulaza mikarafuu na minazi mashambani. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Wapemba wakaishika bendera ya karafuu, na hawana mpango wa kuirudisha. Na kama unadhani hayo ni ya zamani, tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, jirani yetu wa kusini.

4. Pepo za msimu: injini ya bure

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huvuma katikati ya mwaka. Chanzo chake ni joto: wakati wa kusi bara la Asia limepata moto, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini inakimbilia kujaza nafasi. Miezi ya kaskazi mambo yanageuka. Majahazi ya Oman na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na baina ya hapo mabaharia walikaa, wakala, wakaoa. Fizikia imefungisha ndoa nyingi Mji Mkongwe.

3. Enzi ya barafu: Bagamoyo kwa miguu

Barafu, Unguja? Naam. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kwenye mabara ya baridi, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mlango wa bahari ulio baina yetu na bara hauna kina kikubwa, kwa hiyo ulikuwa nchi kavu. Ungekwenda Bagamoyo kwa miguu, bila ya tiketi ya boti wala kutapika njiani.

Ushahidi uko Jambiani, kwenye Pango la Kuumbi, ambako wanaakiolojia wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati. Pundamilia hakuogelea kuja kula urojo. Alitembea. Pemba haikuwamo kwenye msafara huo, kwani mlango wake wa bahari una kina cha mamia ya mita. Barafu ilipoyeyuka, maji yalipanda, na Unguja ikawa kisiwa. Mwalimu akisema usawa wa bahari hubadilika, hasomi utabiri peke yake. Anasimulia jinsi kisiwa chako kilivyozaliwa.

2. Bamvua: mwezi unavuta, mama anavuna

Mwezi unaivuta bahari, na jua nalo linavuta, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Dunia, mwezi na jua vikikaa kwenye mstari mmoja, mivuto inaungana: maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua, na kwetu tofauti ya juu na chini hufika kiasi cha mita nne. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapingana na tunapata maji mafu, bahari ikisogea kwa uvivu.

Sasa swali la zawadi. Hilali ikionekana, bamvua liko karibu. Kwa nini lipo pia mwezi mpevu, wakati mwezi uko upande wa pili wa dunia mbali na jua? Kwa sababu bahari huvimba pande zote mbili za dunia, ule unaoelekea mwezi na ule ulioupa mgongo. Ukilijua hilo, umewapita watu wazima wengi.

Wanawake wa Paje na Jambiani wanalijua kwa mikono. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, ratiba ya kazi yao imepangwa na mwezi: maji ya bamvua yakipwa, wanaingia kufunga na kuvuna, kesho yake wanachelewa kama dakika 50, kwa sababu na mwezi umechelewa. Siku hizi maji ya kina kifupi yanapata joto kali mno, na mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri, unaugua na kukatika. Kwao mabadiliko ya tabianchi yanahesabika kwa kilo.

1. Tumbawe: mnyama aliyejenga kisiwa

Huyu ndiye bingwa, na sikubali rufaa. Tumbawe si jiwe. Ni mnyama mdogo laini, polipi, anayejijengea nyumba ya kalsiamu kabonati na kuishi kwa jamii ya maelfu. Mwilini mwake anahifadhi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenye nyumba. Mpangaji anayelipa kila siku, wapi utampata?

Kazi yake tunaikalia. Uwanda ni matumbawe ya kale. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe yake, na chokaa ya kuyashikisha ni matumbawe yaliyochomwa. Hata mchanga mweupe wa Nungwi: samaki pono, huyo tunayemsifia usingizi, mchana huguguna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Mtalii analala juu yake, anapiga picha, hajui.

Maji yakipata joto kupita kiasi, polipi humtoa mpangaji wake, tumbawe likawa jeupe, na joto lisipopungua mapema hufa kwa njaa. Kunaitwa kupauka. Mwaka 1998 kulipiga Bahari ya Hindi vibaya sana. Miamba ya kisiwa cha Chumbe, iliyohifadhiwa tangu 1994, inaonesha jinsi matumbawe yanavyokuwa yakiachwa yapumue, na wanafunzi wa skuli zetu hupelekwa kuyaona.

Joto la dunia nzima hutalipoza peke yako. Mguu wako ni wako. Maji yakipwa na wewe umetoka kutafuta pweza au kucheza, pita mchangani, usikanyage tumbawe lililo hai. Matumbawe mengi makubwa hayakui hata sentimita mbili kwa mwaka.