Ukinunua EPIRB Dubai, Irudi Ikikujua

Mwenye chombo anayekwenda Dubai kutafuta spea za injini atarudi na manukato, mazulia na televisheni pana kuliko ukuta wake. Haya, ila begini iachwe nafasi ya EPIRB, kile kifaa chenye antena kinachoita setilaiti chombo kinapozama.

Dukani usianze na bei. Uliza kwanza masafa: 406 MHz. Ukionyeshwa kikuukuu cha 121.5 peke yake, kirudishe rafuni, kwani setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009 na punguzo la bei halitazirudisha. Kisha soma tarehe ya mwisho ya betri.

Sasa penyewe. Kila EPIRB hubeba namba ya nchi. Ya Emirates ni 470, ya Kenya 634, za Tanzania 674 na 677. Mgande muuzaji mpaka akuwekee namba ya bendera yako na kukupa karatasi ya utambulisho wenye herufi na tarakimu 15. Linganisha na lebo ya kifaa, moja baada ya moja, hata wateja wa nyuma yako wakiguna. Ukiondoka na namba ya Emirates, siku ya shida setilaiti itaonyesha ulipo, lakini swali la chombo hiki cha nani na kina watu wangapi litapelekwa Emirates. Huko nani anaijua simu ya mkeo?

Usiifungashe pamoja na taulo bichi. EPIRB nyingi hujiwasha zikipata maji zikiwa nje ya vishikio vyake, na waokoaji wana kazi nyingine kuliko kukutafuta hotelini Deira, Dubai. Betri yake ni ya lithiamu, ambayo kwenye ndege huhesabiwa mzigo wa hatari, kwa hiyo shirika la ndege liulize kabla ya siku ya safari. Ni kifaa cha redio pia: TCRA ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya, nao waulize mapema. Forodhani toa risiti, usiifiche kwenye kanga.

Ukifika nyumbani, isajili kabla hujagawa zawadi. Pasipo na daftari la nchi, lipo la kimataifa la Cospas-Sarsat, mfumo wa setilaiti za uokoaji, mtandaoni, bila malipo. Andika jina la chombo, rangi yake, na simu za watu wawili wanaobaki nchi kavu. Watu huandika simu ya nahodha, naye ndiye anayezama!

Ifunge nje, mahali pa wazi, si kabatini chini ya mikeka. Kama ni ile inayojifyatua yenyewe, kifyatulio chake hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Na ikiwaka kwa bahati mbaya, izime, kisha piga simu kituo cha uokoaji, Mombasa au Dar es Salaam, useme ni wewe. Ukinyamaza kwa aibu, watu wataingia baharini usiku kumtafuta mtu aliyelala kwake.